Mwaka wa Vikaratasi vya Bei

Chai ya msibani ilipofika kwenye turubai letu sisi wakwe, ilikuja ndani ya chupa nyekundu yenye maua meupe yaliyofifia, na mimi nikashindwa kuinua kikombe. Turubai la wakwe lilikuwa limefungwa mbali na nyumba, upande wa zizi, mahali ambapo mtu anasikia kilio bila kuwaona wanaolia. Binti aliyemimina, mtoto wa shemeji yangu, aliniambia, "Baba, chai inapoa." Nikamwambia naiona. Sikuwa naiona chai, nilikuwa naitazama chupa. Kifuniko chake kilikuwa si cha kwanza, na kioo cha ndani bila shaka kimebadilishwa mara nyingi, lakini lile bati la nje nililijua. Nililipanga mwenyewe kwenye shelfu ya duka, Musoma, nikiwa kijana, na chini yake nikabandika kikaratasi chenye bei isiyokuwa ya kweli.

Mama mkwe wangu tumemzika huko kwao, vijiji vya Butiama, mwezi uliopita. Jina lake siliandiki. Sikuwahi kulitamka akiwa hai, na sioni kwa nini kalamu ifanye kile ambacho mdomo haukufanya. Wanangu, waliozaliwa na kusoma Bunda mjini, wananicheka. Wanasema mambo ya mkwe kutomtazama mkwe yamepitwa na wakati, hata padri anasema hivyo. Labda. Lakini mimi nililelewa hivyo Nyegina, na yeye alilelewa hivyo kwao, ingawa lugha zetu za nyumbani ni mbili tofauti. Mwanaume hamkazii macho mama wa mkewe, hali naye sahani moja, hampi kitu mkono kwa mkono. Ukiwa na kitu cha kumpa unakiweka chini, unarudi nyuma, unageuka, naye anakiokota. Ukikutana naye njiani unaingia kwenye majani mpaka apite. Kumpa mgongo ndiyo heshima yenyewe. Naieleza desturi hii mapema kwa sababu mtu asiyeijua hatauelewa mwaka ninaotaka kuuandika.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu sabuni irudi madukani. Wa rika langu hawahitaji tarehe zaidi ya hiyo. Kabla yake tulikuwa tumefua kwa majani ya mpapai, tumepanga foleni ya sukari tusiyoiona, tumevaa mashati yaliyoshonwa kwa magunia ya unga. Kisha ruhusa ikatoka, wenye fedha zao wakaanza kuleta bidhaa, na malori yakawa yanashusha mjini vitu ambavyo wadogo zetu walikuwa hawajawahi kuviona: dawa ya meno ya rangi, blanketi zenye picha ya simba, chupa za chai. Mzee Wambura, ambaye miaka ya uhaba alikuwa muuzaji wa duka la kijiji na akasingiziwa kila aina ya wizi, alikodi nyumba karibu na soko akafungua duka la namna ambayo sisi hatukuijua. Alivunja kaunta ya katikati. Akapanga shelfu za mbao kila ukuta na safu mbili katikati, akaweka meza moja tu mlangoni, yenye mashine ya hesabu, na watu wakaambiwa waingie wajichukulie wenyewe. Wengine waliliita supamaketi, kwa kucheka, kwa sababu lilikuwa na ukubwa wa darasa moja. Mwanzoni watu waliingia kwa kunyata, mikono nyuma, kama wameingia sebuleni kwa mtu mkubwa. Mama mmoja wa Kigera alivua ndala mlangoni.

Mimi kazi yangu ilikuwa vikaratasi. Nilimaliza darasa la saba na sikuendelea, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kwa sababu ulikuwa wa polepole. Hata hizi kurasa naziandika hivyo, neno kwa neno, na mke wangu akipita ananiuliza kama bado niko mstari ule ule. Shuleni mwalimu alikuwa anafuta ubao kabla sijafika katikati. Mzee Wambura aliupenda mwandiko wangu. Alinipa kalamu nene, kadi za maboksi yaliyokatwa, na gundi ya uji wa ngano, akaniambia niandike bei ya kila kitu mtu asome akiwa amesimama mbali. Ubaya ni kwamba bei za mwaka ule hazikusimama. Kila Mzee aliporudi na mzigo, asubuhi yake alisimama mbele ya meza akamtajia Regina bei mpya. Regina, dada aliyekaa kwenye mashine, alikuwa amenizidi umri kidogo na akili sana. Alibadilisha bei kwa kusikia. Mimi nilibadilisha kwa kuandika. Kwa hiyo kuanzia asubuhi hiyo mpaka mimi nimalize, duka lilikuwa na bei mbili: ya shelfu, ambayo mteja aliisoma, na ya mashine, ambayo mteja aliilipa.

Mfanyabiashara mwingine angenifukuza, au angeficha. Mzee Wambura alifanya ajabu. Aliniambia niandike ubao mkubwa na kuutundika mlangoni: BEI YA KARATASI NDIYO BEI. UKIZIDISHIWA, RUDI. Halafu akaweka utaratibu. Mteja akirudi kudai, aliyeandika karatasi ndiye anayerudisha. Anatoka mpaka katikati ya duka, anamtazama mteja usoni, anataja jina lake, anasema, "Duka limekosa, mteja hana kosa," kisha anampa tofauti yake mkononi, kwa mikono miwili, watu wote wakiona. Nilipomuuliza kwa nini isifanyike pembeni, alinitazama kama vile nimemkumbusha jambo.

"Majura," alisema, "watu hawa wameuziwa mlango wa nyuma miaka mingapi? Mimi mwenyewe wamenitazamaga vibaya mpaka kanisani. Wacha wamwone mtu anarudisha."

Aliyekuwa anaonekana, lakini, ni mimi. Nilikuwa kijana ambaye akiulizwa njia na mgeni anaonyesha kwa kidole ili asiseme. Sasa nilisimama katikati ya duka nikitaja jina langu kwa sauti mbele ya wanawake wenye vikapu na wavuvi wanaonuka dagaa. Wa kwanza kudai alikuwa mwalimu wa kike, kwa ajili ya daftari, na sauti ilinikauka mpaka Regina akanimalizia maneno. Baadaye watu walizoea. Walizoea zaidi ya ilivyotakiwa. Wapo waliokuja asubuhi ya mzigo mpya makusudi, wanazunguka shelfu wanatafuta karatasi ambayo sijaifikia, wananunua sabuni moja, wanalipa, wanatoka, wanarudi na wenzao kuangalia. "Mwandishi yuko wapi?" walikuwa wanauliza. "Aje aseme jina lake, tumelisahau." Nilikuwa najificha nyuma ya magunia ya chumvi, na kila nilipoitwa nilitoka nikiwa nimelowa jasho mgongoni. Mzee alifurahi. Duka lilijaa. Alisema aibu yangu inamletea wateja kuliko blanketi za simba.

Nilikuwa napanga chumba Kigera pamoja na Bwire, mbeba mizigo wa stendi, mtu wa maneno mengi, ambaye alimeza chumba chote kwa sauti yake. Tulikuwa na kitanda kimoja tulicholalia kwa zamu ya wiki, na jiko la mkaa lililokaa mlangoni. Jioni tulipika ugali wa muhogo na furu, wale samaki wadogo ambao sasa watoto hawawajui, na Bwire aliwavunja vichwa huku akinisimulia waliopita stendi siku hiyo. Ukuta wetu na wa jirani ulikuwa wa mabanzi, kwa hiyo alipomaliza habari zake tulisikiliza za jirani. Bwire ndiye aliyeanza kuwaelekeza watu wanaosubiri gari warudi dukani kwetu wakahesabu upya. Aliwasaidia kufunga mizigo, akawauliza wamenunua kwa bei gani, karatasi ilisemaje, halafu anawaambia, "Rudi mama, pale wanarudishaga." Kwake ulikuwa mchezo. Alijua kila anayerudi atanitoa jasho. "Nimekuletea wangapi leo?" alikuwa ananiuliza kwenye ugali, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka.

Mwaka huo huo nilikuwa nimechumbia. Nyabise, ambaye ndiye mke wangu, nilimwona mara ya kwanza kwenye jubilei ya parokia, na baba yangu mdogo Masatu ndiye aliyekwenda Butiama kusema kwa niaba yangu. Ng'ombe wa kwanza walipokubaliwa, nilipelekwa nikaonekane. Nilikalishwa kwenye kigoda nje, nimeupa mgongo mlango wa nyumba, nikitazama shamba la mtama. Ndani walikuwa wanawake. Wazee wetu waliongea, mimi sikuongea, na nyuma ya ukuta wa udongo nikasikia sauti ya mwanamke, nzito kidogo, yenye kukwaruza mwishoni, ikisema:

"Huyo kijana mbona hasemi? Wametuletea bubu?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema pengine ana njaa.

"Afadhali bubu," ile sauti ikasema. "Baba yenu alikuwaga msemaji. Mnaona tulipo."

Wakacheka tena mpaka mmoja akakohoa. Hiyo ndiyo siku niliyokutana na mama mkwe wangu. Sura sikuiona, na yeye ya kwangu hakuiona, ila mgongo na kisogo. Niliondoka na sauti yake. Nilipokuwa naandika vikaratasi niliikumbuka, nikitabasamu peke yangu, kwa sababu nilijua nimekubaliwa. Ilibaki wazee wetu warudi mara moja, wanywe chai, siku ya harusi ipangwe.

Siku yenyewe ilikuwa ya mzigo mpya. Mzee alikuwa ametoka Bunda na bei zote zimepanda, akazitaja, Regina akazishika. Mimi nikaanza na vitu vinavyotoka haraka, sukari, sabuni, mafuta. Chupa za chai zilikuwa shelfu ya juu. Nani angenunua chupa ya chai asubuhi? Nikaziacha za mwisho. Katikati ya kazi nilikwenda stoo ya nyuma kukoroga gundi, na niliporudi nikaona nafasi tupu kwenye mstari wa chupa. Moja imetoka, karatasi bado ni ile ya zamani, yenye bei ya chini. Nikajiambia huenda mnunuzi hakusoma. Nikapanda kigoda nibadilishe, na nikiwa hapo juu, kalamu mdomoni, nikasikia mlangoni:

"Hodi humu. Nani anayeandikaga hizi bei?"

Sikuhitaji kugeuka. Ilikuwa nzito kidogo na inakwaruza mwishoni.

Nilishuka upande wa pili wa shelfu, nikachuchumaa penye chumvi. Nilisikia kila kitu. Alimweleza Regina kwa utaratibu, bila hasira. Alisema yeye alisoma elimu ya watu wazima nyuma ya godauni la pamba, kwa hiyo namba anazijua. Karatasi ya juu inasema hivi, yeye ametozwa vile. Alikuwa ameshapandisha mizigo kwenye gari, kijana mmoja mcheshi wa stendi akamhesabia, akamwambia arudi. Alisema chupa hii si ya starehe. Kuna wageni wanakuja nyumbani, wa heshima, wa kumwoa binti yake, na hataki kuwamiminia chai kutoka kwenye sufuria. Ndiyo maana kila shilingi aliyozidishiwa hapa imepungua kwenye sukari ya wageni hao. Wageni wenyewe walikuwa baba zangu.

"Kweli mama, karatasi ni ya zamani," Regina alisema. "Pole sana. Majura! Mteja."

Musoma, ukiita Majura sokoni wanaitika vijana kila upande. Jina peke yake halikumwambia kitu. Nilitambaa mpaka kwenye meza kwa upande wa ndani, nikamnong'oneza Regina, "Mpe wewe."

"Mimi ndiye nimeandika?"

"Nakuomba, dada."

"Wewe leo una nini? Kila siku unatoa jasho lakini unatoka."

Watu walikuwa wameshaanza kujikusanya, wale wa kila siku ya mzigo. Mmoja akasema mwandishi leo hela ya mama imemnukia. Mwingine akasema wacheni, anatafuta jina lake. Mzee Wambura akatoka nyuma, uso umekunjamana, akaniwekea noti na sarafu kwenye kiganja. "Nenda," alisema. Na yule mama, ambaye sasa alikuwa katikati ya duka, akaniita kwa upole kabisa: "Kijana, njoo basi. Sikuumi. Gari linaniacha."

Nimefikiria mara nyingi ningefanya nini. Ningeweza kusema, huyu ni mkwe wangu. Lakini kumtaja hivyo mbele yake, kati ya watu wanaocheka, ingekuwa kutuvua nguo wote wawili. Kukimbia nisingeweza, mlango ulikuwa nyuma yake. Nikaenda. Niliinamisha macho mpaka nikaona ndala za matairi, vumbi la kwao, na pindo la kitenge cha kijani. Nilipofika umbali wa heshima nikaziweka zile pesa juu ya gunia la chumvi lililosimama pale. Nikarudi nyuma. Nikageuka, nikampa mgongo, nikatazama shelfu ya viberiti.

Kelele zikaanza.

"Mmeona? Amemtupia mama hela."

"Kama anamtupia kuku."

"Geuka, Majura!" Mzee Wambura alisema. "Mkononi! Jina lako!"

Na ile sauti ikapanda, na kukwaruza kwake kukawa kama kisu kwenye bati. "Nimekuja kuomba hapa? Mimi nimenunua kwa jasho langu. Wewe ni mtoto wa nani? Mama yako ndiye aliyekufundisha kumpa mtu mzima mgongo? Ni mwanamke wa namna gani huyo mama yako?"

Mzee alinishika bega anigeuze. Nilishika ubao wa shelfu kwa mikono miwili. Shelfu ikatikisika, viberiti vikaanguka. Mbele ya macho yangu kulikuwa na kikaratasi nilichokiandika asubuhi, mwandiko mzuri, mviringo, na nakumbuka nilikisoma mara nyingi bila kuelewa namba. "Geuka au kazi basi," alisema Mzee. Sikugeuka. Nadhani hapo ndipo yule mama aliponitazama vizuri. Aliona pesa zilizowekwa chini na si kutupwa, aliona umbali, aliona kichwa kilivyoinama. Hakuna kijana wa mjini anayemdharau mtu kwa utaratibu ule. Sauti ilikatika katikati ya neno.

"Majura wa wapi?" aliuliza. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza Regina, taratibu.

"Wa Nyegina, mama."

Nikasikia kitambaa kikivutwa, kitenge kikipandishwa kichwani. Nikasikia ndala zikienda upesi. Mwanamke mmoja mlangoni akasema, "Iyo, mama mkwe!" akiwa ameelewa, na watu wawili watatu wakacheka, kicheko kile cha watu waliopata zaidi ya walichokifuata. Walimcheka yeye, akiwa bado hajafika barabarani. Mimi nilikuwa na mdomo, na nilikuwa nimewazoea watu wale, na sikuwaambia nyamazeni.

Nilipogeuka, chupa nyekundu ilikuwa kwenye meza ya Regina na pesa ziko juu ya gunia. Aliacha vyote. Regina alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mzee Wambura alivua kofia.

"Ungesema," aliniambia.

"Ningesema mbele yake, mzee?"

Hakuna aliyethubutu kuzigusa zile pesa, wala kuuza chumvi ya gunia lile. Mwishowe Mzee alizifunika kwa sahani ya bati. Kuanzia kesho yake hakuna aliyesimama tena katikati ya duka kutaja jina. Aliyezidishiwa alikuta tofauti yake kwenye sahani nyingine juu ya meza, anaichukua mwenyewe, na ubao ulibaki vilevile. Wateja wapya walidhani sahani ni mtindo wa kisasa. Duka jingine likaiga.

Jioni Bwire aliingia akicheka kabla ya kufungua mlango. "Leo nimekuletea mama mmoja kiboko, wa Butiama. Amefika? Nimemwambia mwandishi wa pale ni mwoga, mwaka wa pili huu yuko herufi ya kwanza, akacheka mpaka akashika mbavu." Nikamwambia ni nani. Aliacha tonge mkononi. Baadaye akauliza, "Alicheka kweli, lakini. Unajua alicheka?" kama vile ingesaidia.

Baba mdogo Masatu alikuja kutoka Nyegina mwisho wa wiki, hakuketi. "Umefanya nini mjini? Butiama wametutumia neno, tusije." Nilidhani wamekasirika. Hapana. Mama wa binti, alisema, hatoki ndani. Anasema amedai hela kwa mkwe kama mtu mwenye njaa, na amemtukana mama wa mkwe mbele ya soko zima, na wageni wale akiwaandalia chai atawapitishia kwa uso gani. Binti naye anasema mama asipotoka hakuna harusi. Nilikaa kwenye kitanda nikasikia jirani anasonga ugali nyuma ya mabanzi. Mtu aliyezidishiwa bei ndiye aliyejifungia ndani kwa aibu, na sisi tuliomzidishia tulikuwa tumefungua duka asubuhi kama kawaida.

Mama yangu ndiye aliyelimaliza. Alipoambiwa maneno aliyotukanwa alisema waende wamwambie mwenzake kwamba hakukosea sana: yeye alimfundisha mtoto kuwa na adabu, akasahau kumfundisha kuandika haraka. Baba mdogo alilipeleka neno hilo pamoja na mbuzi na ile chupa. Wazee wa pande zote walimla mbuzi. Mama mkwe alitoka. Chupa aliipokea, kwa sababu alisema ameilipia bei yote. Tofauti aliikataa. Alisema hiyo ni ya duka. Duka nalo likasema ni yake, na mwisho Mzee Wambura aliitoa sahani ile na kilichokuwa chini yake akakipeleka sadaka misheni, Nyegina.

Tulioana mwaka huo haujaisha. Tulipohamia Bunda na kufungua genge, mimi na Nyabise, mama yake alikuja mjini mara nyingi, kwa pamba, kwa hospitali, kwa wajukuu. Genge letu alilipitia upande wa pili wa barabara. Akihitaji kitu alituma mtoto na pesa kamili, na mtoto alikuwa na maneno ya kusema: "Bibi amesema usimpunguzie na usimzidishie." Nilipima, nikaweka, nikageuka, hata kwa mtoto. Miaka yote hiyo sikuiona sura yake ila ubavu, kwa kuiba.

Watu wanaoijua hadithi hii wanadhani aibu yangu ni ule mgongo. Nyabise huwa ananiambia, ulimheshimu, yeye mwenyewe alilijua hilo. Sijamwambia kinachonisumbua. Nikiwa nimeshika shelfu ile, viberiti vinaanguka, ndani yangu kulikuwa na unafuu. Niliwaogopa wateja wote. Kila siku nilitamani kumpa kila mmoja wao mgongo, na siku ile nilipata ruhusa. Kwa hiyo sijui kama niligeuka kwa sababu alikuwa mkwe au kwa sababu nilikuwa mwoga, na nilipowasikia wakimcheka nikanyamaza, hapo heshima haikuwepo hata kidogo.

Siku ya maziko katekista alitangaza kwamba wakwe nao wapite waage. Siku hizi wanapita. Nyabise alikuwa amesimama upande wa kichwa cha jeneza, akaniitikia kwa kichwa kwamba inafaa. Nikatoka kwenye turubai, nikafuata visigino vya aliyenitangulia. Nikaona ukingo wa jeneza, kitambaa cheupe, na chini yake, kwenye jamvi, sahani ya bati ya rambirambi. Ningeweza kuinua macho. Hangeniona. Hakuna ambaye angeaibika, na ningeijua, mara moja maishani, sura ya mwenye sauti ile. Nilisimama hapo muda ambao watu waliuona. Kisha nikainama, nikaweka nilichokuwa nacho kwenye sahani, nikarudi nyuma, nikageuka.

Mbele yangu walikuwa wajukuu zangu na simu zao, wanapiga picha. Mdogo wao akasema kwa sauti, "Babu amempa bibi mgongo." Mwingine akamfinya. Nilibaki nimesimama, nikisubiri mtu aniambie nigeuke, na hakuna aliyesema. Mtu pekee aliyewahi kunielewa nikiwa nimesimama hivyo alikuwa nyuma yangu, na safari hii hakuuliza mimi ni Majura wa wapi.